Barua Tatu za Kiwanja cha Baba

Barua ya kwanza niliiandika juu ya meza ya cherehani, baba akiwa amesimama nyuma yangu na futi yake shingoni kama kawaida. Ilikuwa usiku, umeme umekatika, na mshumaa tulikuwa tumeuweka pale ambapo mchana hukaa suruali za watu.

"Andika kama wanavyoandika wakubwa," aliniambia. "Sio hivi tunavyoongea siye."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimelingoja neno hilo maisha yangu yote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, sina kazi, sina chuo, nina madaftari mawili yaliyojaa mashairi ambayo hakuna mtu aliyeyaomba. Mtaani washikaji walikuwa wakiniita Shaaban Robert, na hawakuwa wakinisifu. Leo mzee mzima ananihitaji! Nikapiga mstari chini ya YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUJENGA NYUMBA YA KUISHI, nikaanza na lile la husika na kichwa cha habari hapo juu, kisha kalamu ikanichukua. Niliandika kwamba eneo hilo ni kavu mwaka mzima. Niliandika kwamba lina mwinuko wa kutosha. Niliandika kwamba limepakana na bahari tulivu upande wa mashariki na majirani wema upande wa magharibi. Majirani wema! Sikuwajua hata mmoja.

Nilipoisoma kwa sauti baba alifumba macho. Mama, aliyekuwa analoweka mchele wa vitumbua, aliuliza swali moja tu.

"Huko si ndiko nilikopotezea kandambili?"

"Siku ile maji yalikuwa yamejaa," baba akajibu.

"Ndiyo nasema."

Mazungumzo yakaishia hapo. Baba akatia sahihi.

Kiwanja chenyewe kiko hivi. Kusini mwa Dar es Salaam, ukiifuata Barabara ya Kilwa na kuiacha Mtoni nyuma, upande wa kushoto bahari inaingia nchi kavu kwa mkono mrefu. Ni mkono huohuo unaoanzia bandarini, na mto Mzinga unamwaga maji yake humo. Kingo zake zina mikoko. Sisi watu wa vyumba vya kupanga tunaita yote mikoko, lakini wenyeji wana majina: kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyotanuka kama miguu ya buibui; kuna mkandaa; kuna mlilana unaosimama mbele kabisa majini; na kuna mchu, ambao mara nyingi utaukuta nyuma, karibu na nchi kavu. Mizizi ya mchu inachomoza juu ya tope, imesimama wima kwa mamia, mfano wa penseli. Zile ndizo pua za mti, kwa sababu ndani ya tope lile hakuna hewa. Kiwanja cha baba kilikuwa na penseli hizo kwenye kona mbili kati ya nne.

Alikinunua Februari 2014, jua la kaskazi, siku za maji mafu, wakati bahari haipandi sana wala haishuki sana. Tope lilikuwa limekauka juu mpaka likapasuka. Ungeweza kuegesha lori. Aliyeuza alikuwa mzee wa palepale, na mpaka leo sisemi kwamba alikuwa tapeli. Babu yake alikata boriti hapo, baba yake akapanda minazi kwa juu, yeye akaambiwa na madalali kwamba ana viwanja. Pesa ilikuwa akiba ya miaka kumi na mmoja ya kupunguza suruali na kushona sare za shule: shilingi milioni mbili na laki nane. Mwenyekiti alipiga muhuri hati ya mauziano, akachukua asilimia kumi. Mashahidi wanne. Hatua ishirini kwa ishirini na tano.

Utauliza, mafuriko ya Desemba 2011 hayakumfunza kitu? Mvua ile iliua watu zaidi ya 40 hapa mjini, na baadhi ya waliookolewa mabondeni walipelekwa Mabwepande wakapewa viwanja. Baba aliyaona yote kwenye televisheni. "Yale ni mambo ya mtoni," alikuwa akisema. "Kwetu ni baharini. Bahari ina ratiba." Kwa hilo la ratiba hakukosea.

Lakini kabla hujamcheka, jua tulivyokuwa tunaishi. Vyumba viwili Temeke tangu nizaliwe. Jiko la zamu, choo cha foleni, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba anayeingia uani bila hodi kuhesabu ndoo. Siku ya kwanza tulipokwenda kukiona kiwanja mama alisimama mahali pamoja akasema, "Jiko langu litakuwa hapa." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Kandambili aliipoteza safari ya pili.

Kilichomtia baba hofu ni ile alama ya X. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bonde la Mkwajuni kule Kinondoni, na nyumba nyingine za bonde la Msimbazi zikapigwa X nyekundu zikingoja zamu yao. Tulikuwa tunakula. Mwanamke mmoja alionyeshwa amekaa juu ya godoro lake nje, amempakata mtoto, hatazami kamera. Baba aliacha tonge mkononi mpaka likapoa.

"Miye nitajenga kwa karatasi," alisema. "Asije mtu akanipigia mkewe wa mtu X."

Basi ndipo ikaandikwa barua ile, na ndipo zikaanza zile safari. Ofisi yenyewe siitaji. Niseme tu ina benchi refu la mbao, na baba alilizoea mpaka akawa na nafasi yake. Tulijifunza kwamba kibali kinataka hati, hati inataka kiwanja kilichopimwa, mpima anataka barua ya mtaa, mtaa unataka barua ya kata. Ramani ya nyumba tulichorewa kwa laki moja na nusu: vyumba vitatu, sebule, jiko, baraza inayotazama maji. Baba aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, na jioni alikuwa akiikunjua kuwaonyesha wateja. Kuna mtu aliyeleta suruali kukatwa upindo akakaa saa nzima anashauriwa dirisha la jikoni lielekee wapi.

Mwezi wa Aprili tukaambiwa afisa atakuja kukagua.

Nilitegemea mzee mwenye kitambi. Alikuja dada mmoja ambaye sidhani kama alifika thelathini, buti za mpira, kamba ya kupimia begani, na mkononi karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa jedwali la maji kujaa na kupwa, na siku ile ameizungushia kalamu nyekundu. Kumbe aliichagua. Bamvua, mwezi mpevu, maji kujaa saa kumi jioni. Alifika saa nane na nusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana kwetu."

Aliifungua barua yetu. "Hii nani kaandika?"

"Kijana wangu huyu," baba akasema, na alivyolitamka lile neno kijana sijawahi kulisikia tena.

"Anaandika vizuri. Nimeisoma mara mbili." Akanitazama. Hakuongeza kitu. Kisha akasema, "Vueni viatu."

Tulizunguka kona zote nne. Kisha akauliza jambo ambalo katika miezi yote ile, katika barua na ramani na ushauri wa wateja wa suruali, hakuna mtu aliyeliuliza: "Choo mtachimba wapi?"

Baba akaonyesha nyuma. Dada akaazima jembe nyumba ya jirani, akanipa mimi. Nilichimba. Juu udongo mgumu, chini yake tope jeusi, na harufu ikatoka, harufu ya yai viza. Sikufika hata kina cha goti. Maji yalianza kujikusanya chini ya shimo, meusi, taratibu, bila mtu kuyaita. Tukasimama watatu tukiyatazama. Shimo la choo la kawaida linataka kina cha mtu na zaidi. Na kitakachotiwa humo, akasema, hakitakaa humo. Kila maji yakipanda kitatoka kwenda kwa jirani, kwenye kisima, kwa watoto wanaookota kaa. Alitaja kipindupindu mara moja tu, kama mtu anavyomtaja ndugu anayejulikana.

"Wengine wanajaza kifusi," baba akasema.

"Wanajaza, mzee wangu. Kifusi kinashuka, wanajaza tena. Na maji yaliyokuwa yanalala hapa yanatafuta pa kulala kwingine."

Saa tisa na nusu yakaanza kuja. Nilikuwa nadhani bahari inakuja kwa mawimbi. Kule ndani inakuja kimya, kwa vidole, inapita katikati ya zile penseli, inasukuma majani makavu na povu. Kaa wadogo wekundu walipanda vigogo. Visamaki vya ukubwa wa sindano viliingia na maji, na dada alituonyesha: ndiko vinakokulia kabla havijatoka bahari kuu, pamoja na kamba wanaouzwa Feri. Alisema mizizi ile inashika tope ili bahari isiibe ardhi. Alisema mengine mengi. Mimi nilikuwa namtazama baba. Alikuwa amekunja suruali yake, suruali aliyoishona mwenyewe, mpaka magotini, na maji yalikuwa yamefika katikati ya miundi yake mahali palepale mama alipopachagulia jiko.

Dada alipima kutoka kwenye mstari wa takataka, ule ambao bamvua huacha chupa za plastiki na majani, mpaka kwenye jiwe la mpaka lililo mbali zaidi na maji. Mita 19. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Hata jiwe letu la mbali kabisa halikufika theluthi.

Hapo baba akageuka. Nyuma yetu, upande wa wale majirani wema wa barua yangu, kulikuwa na nyumba nne zimesimama juu ya kifusi, mabati mapya yanameremeta. Moja ilikuwa na antena.

"Na hawa, mwanangu?"

Dada alikuwa anaviringisha kamba. Alichelewa kujibu.

"Hawa hawakuniletea barua, mzee."

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Siku ile nilimchukia kwa ajili yake. Sasa naona alikuwa amechoka, na kwamba angeweza kutupa jibu la kiofisi, hakutupa.

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya wiki sita. Mistari minne. Haina tamathali ya semi hata moja, lakini mama aliikariri.

Barua ya pili ni ile ambayo sikuiandika. Dalali mmoja alimwambia baba kwamba mambo hayo yana njia. Andikeni upya hati ya mauziano, alisema, wekeni 1998. Sheria imekuja 2004. Mtu aliyekuwepo kabla, nani atamsumbua? Muhuri wa zamani upo, anayeupiga yupo, chai yake laki tatu. Kilichobaki ni mwandiko mzuri na maneno ya wakati ule. Baba akaniletea karatasi na kalamu ya wino.

Nilikwisha kwenda maktaba kusoma. Nilijua kwamba mikoko ya pwani yetu ilianza kuhifadhiwa tangu enzi za Mjerumani, na kwamba mwaka 1991 Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea ya bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwisha kuandika mpango mzima wa kuitunza Tanzania Bara yote. Hiyo 1998 isingetuokoa kitu. Hivyo ndivyo nilivyomweleza baba, na ilikuwa kweli. Lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba niliogopa. Niliiona ile hati mezani kwa mtu, na mtu yule anauliza, nani kaandika hii?

"Siandiki, baba."

Aliikunja karatasi tupu mara mbili, sawasawa, kama kitambaa.

"Ya kwanza uliandika kwa kuwa ilikuwa tamu," alisema. "Hii huandiki kwa kuwa ni chungu. Zote mbili uongo, mwanangu. Usinifanye miye ndiye mwongo peke yangu."

Wiki tatu hatukusemeshana. Katika vyumba viwili hilo ni jambo gumu kulifanya. Mama ndiye aliyekuwa posta: mwambie mwanao apishe, mwambie baba yako chai tayari. Mimi nilijifanya nimekasirika, na usiku nilikuwa nikirudia ile barua ya kwanza kichwani, sentensi moja moja, nikitafuta ni wapi hasa nilipoanza kudanganya. Kwenye "kavu" ni wazi. Lakini hata "mandhari", hata "tulivu". Hata jina la baba nililiandika na cheo: Mkurugenzi wa Ushonaji. Cherehani moja! Na nilijua, hilo ndilo lililonikera, nilijua kwamba ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa nimeandika mpaka wakati ule, pamoja na madaftari yale mawili.

Dalali hakumpata mtu mwingine, au baba hakumtafuta. Sikuuliza.

Majirani wa kifusi bado wapo. Ningependa kukuambia kwamba bahari iliwafunza adabu, lakini mambo hayakwenda hivyo. Mmoja wao, fundi magari, tumekuwa marafiki. Ana umeme wa luku, ana friji, mtoto wake anasoma sekondari. Bamvua kubwa zikija maji yanaingia mpaka jikoni, kwa hiyo ameinua sakafu mara mbili. Mlango hakuuinua. Ili uingie ndani kwake inabidi uiname, na yeye mwenyewe, mrefu kama nguzo, huinama kila siku kuingia nyumbani kwake, na akishaingia anakuambia karibu. Mama tulipomtembeza pale alitazama jiko lile, lina alama ya maji ukutani kimo cha ndoo, akasema, "Lakini la kwake." Siwezi kumcheka jamaa. Siwezi kumsifu pia. Kila kifusi chake kikiongezeka, maji ya upande wetu nayo yanapanda kidogo. Nimepima mwenyewe kwa fimbo.

Siye bado Temeke. Nyumba nyingine, jiko la zamu lilelile. Baba macho yamepungua, sasa ni mimi ninayemtungia uzi kwenye sindano jioni nikitoka kazini. Mara moja moja, bamvua ikiwa Jumapili, huniambia tukaone kiwanja. Tunakwenda. Mawe ya mpaka mawili yamezama. Mchu umejaa, penseli haziko tena kwenye kona mbili, zimefika katikati. Anakunja suruali anahesabu hatua zake ishirini, kisha tunarudi kupanda daladala, miguu inanuka.

Mwaka jana alitaka barua ya tatu. Yule mzee aliyemuuzia bado yu hai, na baba aliona inafaa amwombe nusu ya fedha, au robo, au chochote. Sio kwa mahakama. Kwa barua tu, ili ijulikane.

"Nieleze vipi?" nikamuuliza.

"Eleza maji yanapofika. Andika kama ilivyo."

Wewe unayesoma hapa nadhani nawe unaandika, kwa hiyo utanielewa nikisema nilichana karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa na mawimbi, wakati pale hakuna mawimbi. Ya pili ilimlaumu mzee wa watu. Ya tatu ilimfanya baba maskini kuliko alivyo. Ya nne sijui nini, nilianza na msemo wa wahenga. Mwisho nikaandika kwamba Februari 2014 tulinunua kwako eneo la hatua ishirini kwa ishirini na tano kwa shilingi milioni mbili na laki nane. Kwamba siku za bamvua maji yanafika katikati ya muundi wa mtu aliyesimama. Kwamba shimo la kina cha goti linatoa maji. Kwamba tulinyimwa kibali. Kwamba tunakuomba chochote utakachoweza. Salamu kwa wote nyumbani.

Nilimsomea. Alisimamisha cherehani ili asikie, lakini safari hii hakufumba macho.

"Imekuwa fupi," akasema.

"Niongeze?"

Akafikiri, mguu juu ya pedali.

"Lete nitie sahihi. Na hapo kwenye muundi weka na ile siku, tarehe yake. Mzee yule kaishi na maji, atafungua aone kama ni kweli."